Ruhusa ya Msiba

Mlango wa maji ulifunguka mara ya tatu, na mimi nilikuwa nimetoa ruhusa ya mara moja.

Haukuwa mlango wenyewe. Ulikuwa mfano wake: bomba fupi la plastiki lenye koki ya umeme, limefungwa kwa skrubu kwenye meza yangu ya kazi hapa Moshi. Milango halisi ilikuwa Upare milimani, imeshajengewa zege. Koki ililia tak, taa ikawa ya kijani, nami nikabaki nimeshika kikombe cha chai bila kunywa.

Nilirudia tangu mwanzo. Nilikuwa na Vibindo viwili vya majaribio. Kimoja nilikibandika karatasi iliyoandikwa Mfiwa, kingine Jirani. Skrini ya mfiwa iliandika: Jirani akumwagilie shamba wakati wa msiba. Kubali? Nikabonyeza kulia. Nikachukua cha jirani, nikaomba maji ya leo. Tak. Nikasogeza saa ya mtandao wa majaribio mpaka baada ya matanga, nikaomba tena. Tak. Nikaisogeza mpaka msimu ujao, nikaomba zamu zote za mfiwa zipelekwe shamba jingine kabisa, kule bondeni kwenye maparachichi ya kampuni.

Tak.

"Koki mbovu?" aliuliza Kileo, meneja wetu, akipita na chapati yake mkononi.

"Koki nzima. Ruhusa ndiyo mbovu."

Akarudi nyuma hatua mbili. "Mama Neiwa, leo Ijumaa. Usiniambie neno kama hilo siku ya Ijumaa."

"Basi kaa nikuambie ukiwa umekaa."

Kibindo ni kidude cha ukubwa wa kiberiti. Ndani yake mna ufunguo wa siri usiotoka kamwe. Hata sisi tunaokitengeneza hatuwezi kuutoa. Siku hizi hati ya shamba, cheti cha mtoto na kadi ya kliniki vyote viko kwenye mitandao, na mtandao haumjui mtu kwa sura. Humjua kwa sahihi ya Kibindo chake. Simu huleta ombi, Kibindo hulionyesha kwenye skrini yake ya mistari minne, mwenyewe husoma, kisha hubonyeza kulia kukubali au kushoto kukataa. Taabu ni kwamba ombi hufika likiwa mlolongo wa tarakimu. Ili Kibindo kiseme Kiswahili, lazima kila mtandao mpya uandikiwe tafsiri yake. Bila tafsiri, skrini huandika Siwezi kusoma ombi hili, na ukibonyeza kulia hapo, umesaini gizani.

Mimi kazi yangu ni kuhakikisha tafsiri haidanganyi. Sikusomea falsafa. Nina stashahada ya umeme na kompyuta, na nina mtoto mmoja, Neiwa, aliyenifundisha kwamba mtu akisema "sijafanya kitu" huutazami mdomo, unatazama mikono. Nafanya hivyohivyo kwa mitandao. Nasoma skrini inasema nini, halafu natazama koki inafanya nini.

Mtandao wa safari hii uliitwa Mfereji, na ulikuwa unaanza kazi Jumatatu.

Kileo alimaliza chapati. Kisha akasema, "Mpigie Kajiru."

*

Kajiru Msuya hakutaka kupigiwa. Alikuja mwenyewe mchana uleule, viatu vyake vina tope jekundu la milimani, kwa sababu alikuwa ametoka kukagua milango. Ndiye aliyeuandika Mfereji. Kwao na kwetu ni kijiji kimoja, Ikongwe, kwa hiyo hatukuhitaji kuelezana mambo ya ndiva.

Wewe usiyetoka huko nitakueleza. Ndiva ni bwawa dogo ambalo babu zetu walichimba mlimani. Usiku maji ya kijito hujikusanya humo, asubuhi mlango hufunguliwa, na kila nyumba huyapata kwenye mfereji wake kwa zamu. Zamani mlango ulikuwa gogo na udongo. Baada ya vuli kupotea miaka mitatu mfululizo, watu walianza kuviziana na mapanga kwenye magogo hayo, na Umoja wa Ndiva ukaamua: zamu zote ziingie mtandaoni, milango iwe ya chuma, isifunguliwe na mwenyekiti wala mpwa wa mwenyekiti, ifunguliwe na sahihi tu.

"Ruhusa ya msiba haina mwisho," nilimwambia Kajiru. "Umesahau kuiwekea kikomo?"

"Sikusahau, dada. Wazee walikataa kikomo." Alivuta kiti. "Unajua mila. Mfiwa hagusi jembe wala mlango wa maji mpaka matanga yaanuliwe. Jirani anamwagilia badala yake. Sasa niambie, matanga yanakwisha lini?"

"Inategemea."

"Inategemea! Wengine siku tatu, wengine wiki, wengine wanangoja mtoto aliyeko ng'ambo. Tulijaribu kuweka siku. Mzee mmoja akasimama, akaniuliza kama nami nitawapangia Wapare siku ya kuacha kulia. Ukumbi mzima ukanicheka."

"Basi mfiwa aifute mwenyewe akimaliza."

"Hilo nalo walilikataa. Baba akifa, watoto wanaanza kuvutana matangani palepale. Huyu anampa jirani ruhusa, yule ananyakua Kibindo anaifuta, maji yanakatika tuta la kwanza halijalowa. Kwa hiyo tukasema ruhusa irudishwe na yule aliyepewa. Jirani akimaliza, anarudisha. Ndivyo ilivyokuwa siku zote kwa mdomo. Nani Ikongwe aliwahi kusikia jirani amekatalia maji ya mfiwa?"

Sikuwahi kusikia. Lakini zamani maji hayo yasingeweza kwenda popote isipokuwa tuta la jirani. Sasa kulikuwa na kampuni bondeni inayonunua zamu kwa simu, bila kuuliza zimetoka wapi.

"Badilisha," nilisema.

"Mkataba umefungwa. Kuufungua ni kura ya vijiji vyote, na kura ni baada ya mavuno." Akaniinamia. "Dada, skrini tuliyowaandikia ni ya kweli. Jirani atamwagilia. Si ndivyo?"

"Ni kweli nusu."

"Mtu amefiwa leo. Unataka asome nini?"

*

Mama alipiga simu nikiwa bado nimekaa na lile swali. Mama yangu hasalimii kwa simu. Anaona salamu zinamaliza chaji.

"Navone. Hicho kidude chenu kitafungua mlango Jumatatu au hakifungui?"

"Tunakishughulikia, mama."

"Nimepanda tangawizi nusu ekari. Kushughulikiwa hakuloweshi udongo." Nyuma yake nilisikia kikohozi kirefu. "Huyo ni mjomba wako. Anasema nikuambie amechoka, lakini hawezi kufa kiangazi, watu watasumbuka na vumbi."

"Mwambie aache utani wake."

"Mwambie mwenyewe." Akampa simu. Mjomba Senzia alikuwa amelala kwa mama tangu mapafu yalipomwangusha. Alipumua kwanza, ndipo akasema, "Mtoto wa dada, fungua maji. Mengine mtagombana baadaye."

Simu ikarudi kwa mama. Alishusha sauti. "Daktari amesema si muda mrefu. Mama Elihuruma ameshaniambia nisiwaze shamba, atasimamia yeye. Nawe usinicheleweshe."

Mama Elihuruma ndiye jirani yetu wa tuta la juu. Baba alipokufa alitumwagilia mpaka mahindi yakabeba. Nilikuwa mdogo; nakumbuka miguu yake ina tope hadi magotini, na mama anampakulia makande kabla ya wajomba.

Nilikata simu nikatazama ile koki.

*

Kileo alituita ofisini kwake, mimi na Kajiru, Jumamosi asubuhi. Toleo jipya la programu yetu halitoki bila sahihi mbili, yake na yangu, na yake ilikuwa imeshawekwa.

"Njia ni tatu," alisema. "Moja, tunapitisha tafsiri ya Kajiru kama ilivyo. Mbili, tunauruhusu Mfereji bila tafsiri, watu wasaini gizani mpaka kura ipite. Tatu, tunakataa, na Jumatatu nyumba zote za Ikongwe zenye Kibindo zinakaa na milango iliyofungwa."

"Ya pili hapana," nilisema. "Ukimzoesha mtu kubonyeza kulia gizani kwa ajili ya maji, kesho atabonyeza gizani kwa ajili ya hati ya shamba."

"Ya tatu?"

Niliwaza nusu ekari ya mama. Tangawizi changa haivumilii wiki.

"Basi ni ya kwanza."

"Kuna ya nne. Skrini iseme yote." Niliwasogezea kompyuta yangu. Nilikuwa nimeiandika asubuhi, Neiwa akiwa anatafuta soksi. Mistari minne ndiyo nafasi yote iliyopo:

JIRANI FULANI
ATAWEZA KUCHUKUA
MAJI YAKO YOTE
HADI ARUDISHE MWENYEWE

Kajiru aliisoma, akavua miwani akaifuta, akaisoma tena. "Hili ni tusi."

"Lipi si kweli hapo?"

"Yote ni kweli! Ndiyo maana ni tusi. Na hapo kwenye 'jirani fulani' patatokea nini?"

"Jina. Simu inalo jina, Kibindo kitaliandika."

"Weka 'mpokeaji'. Nakuomba, dada. Weka 'mpokeaji'."

"Mtu hampi mpokeaji maji. Anampa mtu. Akiwa anampa mtu asiyemfaa, ndipo jina litamshtua."

"Na akiwa anampa mtu anayemfaa?" Kajiru alikuwa amesimama sasa. "Umeshawahi kukaa matangani? Jirani ameacha shamba lake, amekuja na jembe begani. Wewe unamwonyesha mfiwa skrini inayosema huyu anaweza kukuibia. Mbele yake! Unajua ni nini kilichowafanya watu wasiuane kule kabla ya chuma changu? Ni kwamba kuna swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuuliza. Wewe unataka mashine iliulize kila msiba."

"Na yule mmoja ambaye jirani yake ameshaongea na kampuni? Huyo tumwambie nini, Kajiru? Kwamba tulimficha kwa heshima?"

Kileo alijikuna shingo. "Mama Neiwa, wewe ni mkaguzi wa skrini. Hukuajiriwa kukagua roho za watu."

"Sikagui roho. Nakagua koki. Koki inatoa maji yote, skrini iseme maji yote. Sahihi yangu haiendi chini ya kweli nusu."

Wote wawili walinitazama. Walijua kwamba nikikataa kusaini, mama yangu ni mmoja wa watakaokauka. Nami nilijua wanajua. Ilikuwa rahisi kusaini ile ya Kajiru. Ilikuwa na maneno mazuri. Hakuna ambaye angekuja kunilaumu, kwa sababu anayeibiwa kwa maneno mazuri hulaumu mwizi, hamlaumu aliyeandika maneno.

Kajiru ndiye aliyekubali kwanza. Alivaa miwani yake, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko hasira, "Sawa. Ila siku skrini hiyo itakapowaka nyumbani kwenu, uwepo."

Kileo akasaini upya, nami nikachomeka Kibindo changu, nikabonyeza kulia.

Jumatatu milango ilifunguka. Mama alinitumia picha ya mfereji umejaa, bila neno.

*

Mjomba Senzia alifariki mlango ukiwa umeshazoeleka. Nilipanda Ikongwe na Neiwa kwa gari la asubuhi. Tulipofika, turubai lilikuwa limetundikwa, wanawake wako jikoni na masufuria makubwa, na mama amekaa chini kwenye mkeka, khanga kichwani, anapokea pole. Zamu yetu ya maji ilikuwa siku ileile, mchana.

Mama Elihuruma alikuja akiwa amevaa buti za mpira, jembe begani. Alimkumbatia mama kwa muda mrefu. Walilia kidogo pamoja, kisha akajifuta.

"Mama Navone, nipe hiyo ruhusa yenu ya kisasa, maji yanakaribia. Mimi na chuma hatujazoeana."

Mtu akacheka. Mama akatoa Kibindo kifuani, kwenye pindo la khanga. Mama Elihuruma akagusisha simu yake. Kidude kikatetema.

Mama alikisogeza, akakirudisha mbali. Macho yalikuwa yamevimba kwa kulia. "Navone, nisomee. Leo sioni kitu."

Nikakipokea. Ilikuwa skrini yangu, na jina lilikuwa juu kabisa, kama nilivyotaka.

Wanawake wa mkekani walikuwa wananingoja. Mama Elihuruma alikuwa amesimama mbele yangu na jembe lake. Ningeweza kusoma chochote. Ningesema "akumwagilie wakati wa msiba," mama angebonyeza, maji yangekwenda kwenye tangawizi, na hakuna ambaye angejua isipokuwa mimi. Lakini nilikuwa nimewaandikia watu wa milima mizima, na nikafikiri: ukimsomea mama yako kingine, basi Kajiru alikuwa sahihi tangu mwanzo, na wewe ulikuwa unawapa wengine dawa usiyothubutu kuionja.

Nikasoma. "Mama Elihuruma ataweza kuchukua maji yako yote hadi arudishe mwenyewe."

Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria.

"Soma tena," alisema Mama Elihuruma.

Nikasoma tena.

"Ni mimi huyo?"

"Ni mashine, mama. Inasema kinachowezekana. Haisemi utafanya."

"Mashine haijui jina langu. Imefundishwa." Alisema hivyo taratibu, bila kunitukana, akiwa ameshusha jembe chini. Kisha akamgeukia mama. "Mama Navone. Mumeo alipokufa nilikunywa maji yako?"

"Hukunywa."

"Basi mwambie."

Mama alinyoosha mkono nikamrudishia Kibindo. Hakubonyeza papo hapo. Aliinua uso, akamtazama Mama Elihuruma, kwa muda ambao mtu hutumia kupima kitambaa dukani. Sijui kama alikusudia. Nadhani hakukusudia, mtu akishasikia swali, macho hulijibu yenyewe. Mama Elihuruma aliyaona macho hayo. Sote tuliyaona.

Ndipo mama akabonyeza kulia.

Jirani akaomba maji kwa Kibindo chake, na kutoka juu kwenye ndiva tulisikia mlango: tak. Mama Elihuruma akabeba jembe akashuka shambani.

*

Alimwagilia vizuri kuliko sisi wenyewe. Kila zamu alikuja, kila tuta lilipata, mpaka zile za pembeni ambazo mama huzisahau. Nilikuwa nashuka kumpelekea chai. Alikuwa akiipokea, akisema asante, na kuuliza habari za shule ya Neiwa. Hakuna jambo ambalo ningeweza kulishika nikasema hili hapa.

Hata hivyo nilikuwa kila nikiamka nafungua simu kuangalia zamu zetu kama bado zipo. Zilikuwepo. Nikawa naona aibu, naifunga; baada ya chai naifungua tena. Siku moja nilimkuta mama nyuma ya banda amejificha na Kibindo chake, anafanya hivyohivyo. Nikarudi nilikotoka.

Kajiru aliniandikia: vijiji viwili wafiwa wamekataa kubonyeza, shamba moja la maharage limekauka. Kijiji cha tatu mjane mmoja amesoma jina, akashtuka, akampa ruhusa shemeji badala ya yule aliyekuwa ameshika simu, na watu wanasema ilikuwa heri. Umoja umeahidi kura ya kikomo baada ya mavuno. Andaa tafsiri mpya, alimalizia. Hakuniuliza kama nilikuwepo.

Siku ya kuanua matanga watu walijaa uani. Makande yalikuwa yameiva tangu asubuhi, na mama alikuwa anapakua mwenyewe, sahani baada ya sahani. Mama Elihuruma aliingia amevaa gauni lake la kanisani, Kibindo chake mkononi, si kifuani. Hakukaa. Alikwenda mpaka mbele ya mama, akaiinua skrini juu ili waliokuwa karibu waisome, akabonyeza kulia. Cha mama kikatetema kwenye khanga yake: ruhusa imerudishwa.

"Chukua chako, Mama Navone. Hakuna kilichopungua."

"Najua," mama alisema. "Kaa basi. Yamepoa kidogo, kama unavyoyapenda."

"Nimeacha moto jikoni."

Akatuaga sote kwa majina, hakumruka mtu, nami aliniaga. Akapandisha njia ya tuta la juu akiwa ameinua pindo la gauni lisiguse tope. Mama Elihuruma hana moto jikoni. Anapikia gesi tangu Neiwa hajazaliwa.

"Amerudisha, mama," nilisema. "Zote. Umeona mwenyewe."

"Nimeona."

Sahani ya Mama Elihuruma ilikuwa imeshapakuliwa, ya kwanza kabla ya wajomba. Mama akachukua sahani nyingine, akaifunika nayo, akaisogeza karibu na jiko isipoe zaidi, kisha akaendelea kupakulia watu.